Oksijeni Pia Ni Dawa: Ikipungua Inaua, Ikizidi Inadhuru

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Naro Moru. Leo nina swali kutoka kwa mama msikilizaji ambalo mwanzoni lilinifanya nitabasamu, kisha likanifanya nifungue vitabu.

Mama huyu ana kijana aliyepata kazi Diani, huko pwani, mahali wanapofundisha watu kupiga mbizi. Kijana alimpigia simu akamweleza kwamba katika mafunzo wameonywa juu ya oksijeni: ukishuka chini mno baharini, oksijeni ile ile unayoipumua yaweza kukutia degedege ukafa maji. Sasa mama anauliza: "Sista, kama oksijeni ni sumu, mbona mjukuu wangu amewekewa puani huko hospitalini? Nimwambie binti yangu aikatae?"

Nitajibu hilo la mwisho kwanza, kwa sababu huenda yuko mama anayenisikiliza akiwa wodini saa hii. La, asikatae. Usiitoe mipira ile puani mwa mtoto. Lakini kijana wako naye hakudanganywa, na yale aliyofundishwa baharini yanamhusu mjukuu wako kuliko unavyodhani. Tulia kidogo nikueleze.

Tuanze na hewa yenyewe. Ukivuta pumzi, hewa unayovuta ina gesi nyingi zilizochanganyika. Katika kila mafungu 100, mafungu 21 hivi ni oksijeni, na karibu yote yaliyobaki ni nitrojeni. Hesabu hiyo ni moja Mombasa, Naro Moru, na hata kileleni mwa Mlima Kenya. Kinachobadilika ni shinikizo, yaani jinsi hewa ilivyosongamana. Kule pwani hewa yote iliyo juu yetu inatulemea, kwa hiyo imeshikana. Hapa Naro Moru tuko karibu mita 2000 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 80 tu ya lile la Mombasa. Ukipanda mpaka Point Lenana, mita 4985, linabaki zaidi ya nusu kidogo. Ndiyo maana vijana wetu wapagazi na waongoza watalii wanajua mgeni aliyeamka pale kambini akiumwa na kichwa na kutapika hapaswi kusukumwa aendelee kupanda. Hiyo ni taabu ya oksijeni kuwa chache, na sisi watu wa mlimani tunaielewa bila kusoma.

Taabu ya kuzidi hatuijui, kwa sababu hapa hakuna mtu anayepumua oksijeni nyingi kwa bahati mbaya. Baharini wako.

Maji ni mazito. Kila mita 10 unazoshuka baharini zinaongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyoko juu ya Mombasa. Ukishuka mita 10, shinikizo ni mara mbili. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara nne. Mpiga mbizi anapumua hewa ya mtungi iliyosongwa kwa kiasi hicho hicho, la sivyo kifua chake kisingeweza kupanuka kikipingana na maji. Basi kila pumzi moja inamwingizia oksijeni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya ufuoni.

Mfaransa mmoja aitwaye Paul Bert aliandika mwaka wa 1878 kwamba oksijeni ikizidi shinikizo fulani inatia degedege viumbe hai. Baadaye, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jeshi la wanamaji la Uingereza liliwajaribu wapiga mbizi wake kwa oksijeni tupu na kuona jambo hilo hilo kwa watu. Dalili zake ni midomo kuchezacheza yenyewe, masikio kulia, macho kuona kama kwa ndani ya bomba, kichefuchefu, kizunguzungu. Halafu degedege. Mara nyingine degedege hutangulia bila dalili hata moja. Mtu akishikwa na degedege kama hiyo akiwa kitandani, ukimwondolea ile oksijeni huwa anatulia. Akishikwa chini ya maji, kile anachopumulia kinamtoka mdomoni.

Leo wapiga mbizi wana mpaka waliojiwekea. Tuseme oksijeni tupu ya mtungi ukiipumua ukiwa ufuoni ni nguvu ya 1. Wao hawataki kupita 1.4 wanapofanya kazi chini ya maji, na hawavuki 1.6 hata wakitulia. Kwa hewa ya kawaida, hiyo 1.4 inafika kwenye kina cha mita 57 hivi. Kwa oksijeni tupu, ile 1.6 inafika kwenye mita 6 tu. Mita 6 ni kina cha kisima kifupi.

Sasa mkumbuke Likoni. Jumapili, tarehe 29 Septemba mwaka wa 2019, gari liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri MV Harambee likiwa na mama na mtoto wake mdogo wa kike, likazama. Taifa zima lilikaa kwenye redio na televisheni. Siku zikapita, wengi wakauliza: hao wapiga mbizi wanangoja nini? Walikuwako wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, wa kujitegemea, na wengine kutoka Afrika Kusini. Gari lilipatikana likiwa kwenye kina cha mita 58, na lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Piga hesabu ile ya mita 57. Gari lilikuwa limelala pale pale kwenye mpaka. Katika kina hicho shinikizo ni karibu mara 7 ya la ufuoni, na pumzi ya hewa ya kawaida kabisa ina oksijeni yenye nguvu kuliko ile tupu ya hospitalini. Nitrojeni nayo, kwa kina hicho, inalevya kama pombe. Ongeza giza la maji ya bandarini na mkondo wa bahari. Yule mama na mtoto wake walihuzunisha nchi nzima, nami nililia kama wengine, lakini sikuwahi kuwalaumu wale wapiga mbizi kwa kwenda polepole. Mtu aliyeshuka kule alikuwa akihesabu dakika zake.

Kwa hiyo, mama wa kijana wa Diani, haya ndiyo ya kumwambia. Mpiga mbizi anayeanza hapiti mita 18, na wa kujifurahisha hata akiwa na ujuzi hapiti mita 40. Kwa hewa ya kawaida katika kina hicho, sumu ya oksijeni si tatizo la kumkosesha usingizi. Tatizo linakuja akipewa mtungi wenye hewa iliyoongezwa oksijeni, ambao wapiga mbizi wengi huupenda kwa sababu nitrojeni yake ni kidogo. Mtungi wenye oksijeni asilimia 32, kwa mfano, mpaka wake ni mita 33 hivi, si 57. Mwambie apime mtungi wake mwenyewe kabla ya kuingia majini na asome kibandiko, asiamini maneno ya mtu kwamba "hiyo ni hewa tu." Na akitaka kuja kukusalimia, apumzike siku nzima, saa 24, tangu alipotoka majini kabla ya kupanda basi la kuja juu huku. Hilo ni la nitrojeni, si la oksijeni, nalo ni somo la siku nyingine. Lakini mtoto wa mlimani anayefanya kazi baharini hana budi kulijua.

Sasa turudi kwa mjukuu.

Mama hakusema, lakini nilipomuuliza nikajua: mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, na bado hajafika kilo moja na nusu. Mtoto wa namna hiyo mapafu yake hayajakomaa. Asipopewa oksijeni anapoihitaji, atakufa, au ubongo wake utaumia. Hili halina ubishi. Lakini mtoto huyu pia ana kitu ambacho mtu mzima hana, nacho ni jicho ambalo halijamaliza kuumbwa.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ndio unaopokea picha za tunavyoviona. Utando huo unalishwa na mishipa midogo ya damu. Mishipa hiyo inaanza kuota mtoto akiwa tumboni, karibu wiki ya 16, ikitambaa kutoka katikati kuelekea pembeni kama mizizi ya kikuyu, ile nyasi ya nje ya nyumba, na inamaliza kazi karibu na siku za kuzaliwa. Tumboni oksijeni ni kidogo, na ni uchache huo unaoiambia mishipa iendelee kuota, kuna sehemu haijafikiwa. Mtoto akizaliwa wiki ya 28 au 30, mishipa imefika nusu ya safari. Ukimmiminia oksijeni kupita kiasi, mishipa inadhani kazi imekwisha na inaacha kuota. Baada ya wiki kadhaa sehemu ile ya pembeni inalia njaa, na mishipa inarudi kuota kwa fujo, mibaya, inayovuja damu. Ikiponyoka kabisa, inaivuta retina mpaka inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Retina ikibanduka, mtoto ni kipofu.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka wa 1942 daktari mmoja wa Boston, Marekani, Theodore Terry, aliandika juu ya upofu wa ajabu aliouona kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Katika miaka iliyofuata ugonjwa huo ulienea, tena kwenye hospitali nzuri, zenye inkubeta mpya na oksijeni tele. Hospitali maskini zilikuwa na vipofu wachache, na watu hawakuelewa kwa nini. Mwaka wa 1951 daktari wa kike huko Melbourne, Australia, Kate Campbell, alisema wazi kwamba anaishuku oksijeni. Marekani wakafanya jaribio katika hospitali 18 kuanzia mwaka wa 1953, na mwaka wa 1954 jibu likawa wazi: oksijeni nyingi, iliyotolewa bila kupimwa, ndiyo iliyokuwa ikiwapofusha. Wakati huo watoto karibu 10,000 walikuwa wamekwisha kupofuka. Mmoja wa watoto waliozaliwa miaka hiyo, mwaka wa 1950, wiki 6 kabla ya wakati wake, ni mwanamuziki Stevie Wonder, ambaye bila shaka nyimbo zake mmezisikia kwenye redio.

Na hapa ndipo ninapotaka mama anayefikiria kukataa oksijeni anisikilize vizuri. Baada ya mwaka wa 1954 madaktari waliogopa. Wakaibana oksijeni kabisa. Vipofu wakapungua, ni kweli, lakini watoto wakaanza kufa. Mwaka wa 1973 mtaalamu mmoja wa Uingereza alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa macho, watoto 16 hivi walikufa kwa kunyimwa oksijeni. Kumi na sita! Hao hawana nyimbo za kutuimbia.

Tangu hapo kazi imekuwa kutafuta mahali pa katikati. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand, ambayo matokeo yake yalianza kutolewa mwaka wa 2010, yaliwalinganisha watoto waliowekwa chini kidogo, kati ya 85 na 89, na waliowekwa juu kidogo, kati ya 91 na 95. Wale wa chini walipata ugonjwa wa macho kwa uchache, lakini walikufa zaidi. Kwa hiyo leo mtoto mdogo aliyezaliwa kabla ya wakati, anapokuwa kwenye oksijeni, huwekwa kati ya 90 na 95.

Hizo namba ni za nini? Ni za kile kipimo kidogo cha kubana, chenye taa nyekundu, kinachofungwa kwenye mguu au mkono wa mtoto. Wengi walikifahamu wakati wa korona, mwaka wa 2020 na 2021, pale watu walipokuwa wakijibana vidole. Kinaonyesha damu imebeba oksijeni kiasi gani kati ya 100. Watu wazima wa hapa juu, wakiwa wazima, namba zao huwa chini kidogo kuliko za mtu wa Mombasa. Si ugonjwa.

Na sasa, mama, nataka uelewe kosa ambalo hutokea kwa upendo. Uko nasari usiku. Muuguzi ni mmoja, watoto ni wengi. Unatazama kile kipimo, kinasema 92. Wewe umesoma shule, unajua 92 si 100. Unaona kando ya mtungi kuna koki, na kijipira kidogo kinachopanda na kushuka ndani ya kigae cha glasi. Unaizungusha kidogo tu, namba inapanda 98, 99, na moyo wako unatulia. Mlezi wa zamu ya asubuhi naye anafanya vivyo hivyo. Mtoto anang'aa, analala vizuri, hana homa. Lakini ndani ya jicho ile mishipa imeambiwa iache kuota.

Mtoto wa kilo moja na kidogo kwa kawaida anahitaji nusu lita hadi lita moja ya oksijeni kwa dakika puani. Kipimo hicho ni kidogo mno hata macho yako yanaona kama kijipira hakijapanda. Kiache hapo. Kwa mtoto kama huyo, 92 ni maksi nzuri. Ukiona namba imepita 95 na bado anapewa oksijeni, mwite muuguzi umwambie, "Sista, namba imepanda, naomba uangalie." Ukiona imeshuka chini ya 90, mwite vile vile, tena kwa haraka. Usione haya, na usikubali kuonekana msumbufu. Muuguzi mzuri atashukuru, maana hawezi kuangalia taa ishirini kwa wakati mmoja. Na ikiwa mtoto hapewi oksijeni yoyote ya ziada, anapumua hewa hii tu ya chumbani, na kipimo kinasema 97, hapo hakuna ubaya wowote. Furahi.

Jambo la pili ni macho yenyewe kuangaliwa. Ugonjwa huu hauonekani kwa nje. Jicho la mtoto litakuwa jeusi, zuri, linafumbua na kufumba. Hata wewe unayemnyonyesha hutaona kitu mpaka miezi ipite, mboni iwe na weupe ndani au mtoto ashindwe kuufuata uso wako, na wakati huo aghalabu tumechelewa. Ni lazima daktari wa macho amtie matone ya kupanua mboni atazame nyuma kabisa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au akiwa chini ya kilo moja na nusu anapaswa kutazamwa akiwa na wiki 4 hivi tangu kuzaliwa, na kurudiwa mpaka daktari aseme mishipa imefika mwisho. Hata mtoto mkubwa kidogo kuliko huyo, ikiwa aliugua sana na kukaa kwenye oksijeni muda mrefu, muulize daktari kama naye atazamwe. Katika nchi kama zetu, ambapo si kila nasari ina vipimo vya kutosha, ugonjwa huu huwapata hata wale ambao Ulaya usingewapata.

Ukigunduliwa kwa wakati, unatibika kwa miale ya leza au sindano ya dawa jichoni. Usitishwe na neno sindano. Lakini ukifika hatua ya kutibiwa, ni mambo ya siku mbili tatu, si ya mwezi ujao.

Hapa ndipo naona tunapoteza macho ya watoto wetu wengi, na tusiilaumu oksijeni peke yake. Mtoto anatoka hospitali ya Nyeri au Nanyuki akiwa na kilo 1.8, familia inashangilia, nyanya amechemsha uji wa mama. Karatasi ya kuruhusiwa inasema arudishwe kwa daktari wa macho Jumanne. Jumanne kuna baridi na umande, nauli haipo, na nyanya, cucu wetu mpendwa, anasema mtoto mdogo hivi hatolewi nje, atashikwa na kichomi. "Si anaona vizuri? Tutampeleka akinenepa." Cucu, nakusihi kwa heshima. Najua umelea wengi, na hao wote hawakuangaliwa macho na wanaona mpaka leo. Lakini watoto wa uzito huu, zamani zako, hawakuwa wanafika nyumbani. Huyu amefika kwa sababu ya ile mashine, na ile mashine ndiyo inayomdai hiyo Jumanne. Mfunge kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na kofia na shuka juu, baridi haitamfikia. Nauli kopeni kwenye chama. Mishipa ya jicho haingoji mtoto anenepe.

Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, uliza maswali haya na majibu yaandikwe kwenye kijitabu chako cha mama na mtoto: Alizaliwa wiki ya ngapi? Alikaa kwenye oksijeni siku ngapi? Macho yatatazamwa lini, na wapi? Kama hospitali hiyo haina daktari wa macho ya watoto wachanga, usiridhike na kuambiwa "tutaona." Omba barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Maziwa ya mama, naongeza, husaidia kuyalinda macho hayo, kwa hiyo endelea kukamua na kumlisha hata kama ni kijiko kimoja kimoja.

Sasa kuna imani moja ambayo lazima niiguse, kwa maana nimeisikia Kiamathaga, nimeisikia sokoni hapa, nimeisikia hata kanisani. Watu husema oksijeni ni ya wanaokufa. "Wakishamwekea mipira puani, ujue anaaga." Mimi husema ni kama kuona zima moto mbele ya nyumba inayoungua ukafikiri ndilo lililoiwasha. Huwekewa waliozidiwa, na baadhi ya waliozidiwa hufa. Lakini mtoto mwenye nimonia kali ambaye damu yake imeshuka chini ya 90 ana nafasi kubwa zaidi ya kupona akipewa oksijeni pamoja na dawa kuliko akipewa dawa peke yake. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake, mwenye miezi sita au miaka miwili, retina yake imekwisha komaa. Ile hatari ya macho niliyoieleza si yake. Siku chache za oksijeni ya puani kwa nimonia hazitampofusha. Msichanganye mambo haya mawili.

Kumbuka dalili za kumkimbiza hospitalini. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 mpaka mwaka mmoja mara 50 au zaidi, wa mwaka 1 mpaka 5 mara 40 au zaidi. Hesabu kwa dakika nzima, akiwa ametulia, si akiwa analia. Nyama za chini ya mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, pua zikipanuka, akigumia, akishindwa kunyonya, au ulimi na ufizi vikigeuka rangi ya bluu, usingoje kuche. Kwa ngozi zetu nyeusi, usitafute bluu usoni. Tazama ulimi.

Na kuna siku ambayo sisi wauguzi tunaifungua koki yote bila kuhofia. Ni pale familia imelala na jiko la makaa chumbani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya Julai. Hewa ya sumu ya makaa inaishika damu na kumfukuzia mbali oksijeni. Hapo tunampa mtu oksijeni nyingi kadiri tuwezavyo, kwa kofia ya uso, mpaka ile sumu itoke. Tena mjue, kile kipimo cha kidoleni hudanganyika na moshi huo. Kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Kwa hiyo mkitoa mtu kwenye chumba cha jiko, tuambieni kulikuwa na jiko. Msione aibu, maana bila kuambiwa tunaweza kuiamini namba.

Jambo dogo la kumalizia, kwa wale wenye mgonjwa nyumbani aliyepewa mtungi au mashine ya oksijeni. Moto ukikutana na oksijeni huwaka kwa nguvu nyingi, kwa hiyo jiko, mshumaa, koroboi na sigara vikae mbali na chumba hicho. Usimpake mtoto mafuta ya kupaka ya petroli puani eti mipira inamkwaruza. Mafuta na oksijeni si marafiki. Akichubuka, muulize muuguzi akupe kitu kisicho cha mafuta, au lowesha pamba kwa maji safi umpanguse. Mtungi usimame umefungwa ukutani kwa kamba, usilazwe mahali watoto wanapochezea. Na ile namba ya lita uliyopewa hospitalini iandike kwenye karatasi, uibandike kando ya koki, ili hata shangazi akija kukaa na mgonjwa usiku aikute pale.

Nimeambiwa mjukuu anatazamwa macho wiki ijayo. Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kumkamulia na kumlisha maziwa mtoto ambaye hajaweza kunyonya. Njooni na kikombe safi na kijiko, tutafanya pamoja.